Sinema Imekwisha, Kitabu Kiko Wapi?



Salamu nyingi kutoka Katogota, hapa kandokando ya barabara ya Bukavu na Uvira, katika bonde la Ruzizi. Wewe uliye Kamituga, wewe uliye Misisi, wewe unayesoma ukurasa huu umekaa kwenye mdomo wa shimo ukingoja zamu yako ya kushuka, na wewe mama uliyeletewa gazeti na mtoto kutoka kanisani, nawasalimu wote. Mwezi huu tuzungumze juu ya sinema na vitabu. Usigeuze ukurasa kwanza. Najua wengine mnasema, "Pasta anaanza tena mambo yake ya kusoma." Ndiyo, naanza tena, lakini safari hii nina sababu.

Jumamosi moja jioni vijana wa kanisa letu walikopa mashine ya kuonyesha picha ukutani. Wakafunga shuka nyeupe mbele, wakaleta betri ya jua, wakapanga mabenchi. Walionyesha filamu ya Daktari Denis Mukwege, ile iitwayo L'homme qui répare les femmes, iliyotengenezwa na Mbelgiji Thierry Michel pamoja na mwandishi Colette Braeckman, mwaka 2015. Kanisa lilijaa. Watoto tuliwarudisha nyumbani, maana si filamu ya watoto. Wamama walikaa chini kwenye mikeka, vijana wengine walisimama madirishani. Kwa karibu saa mbili hakuna aliyekohoa.

Filamu ilipokwisha, nilitazamia mtu aanzishe wimbo. Haikuwa hivyo. Kijana mmoja alisimama, macho mekundu, akasema kwa sauti: "Sasa tumejua adui wetu ni nani. Inabaki kuanza tu." Vijana wengine wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja mzee, nyuma kabisa, akainuka akikunja mkeka wake. Akasema, "Mwanangu, wewe umeona saa mbili. Mimi niliona miaka." Akatoka, hakungoja sala ya mwisho.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: mimi mchungaji nimewapa watoto wa watu nini? Nimewapa moto bila jiko. Filamu inafanya kazi yake vizuri sana: inakushika moyo, inakuliza, inakukasirisha. Halafu taa inawaka, kila mtu anaenda kwake na ile hasira mfukoni. Huwezi kuisimamisha filamu uiulize, "Ngoja, huyu ni nani? Ilikuwa mwaka gani? Kabla yake kulikuwa na nini?" Inakimbia. Kitabu kinakungoja. Ukichoka unakifunga, kesho unakikuta palepale ulipokiacha. Basi Jumapili ile nilitangaza mbele ya kanisa: tangu leo, kila filamu tutakayoonyesha hapa itakuwa na kitabu chake, na mwenye kutaka kuzungumza juu ya filamu atasoma kwanza.

Walicheka. Lakini tulianza.

Tulianza na huyohuyo Daktari Mukwege. Filamu inakaa zaidi Panzi, Bukavu, katika ile hospitali aliyoifungua mwaka 1999. Lakini ukisoma vitabu vyake, unapanda mlima mpaka Lemera, na Lemera ni kwetu. Kuna kitabu cha Colette Braeckman cha mwaka 2012 chenye jina lilelile la filamu. Filamu ilitoka katika kazi ile. Kuna Plaidoyer pour la vie cha mwaka 2016, ambamo daktari mwenyewe anasimulia maisha yake. Na kuna La force des femmes cha mwaka 2021. Kama una uwezo wa kupata kimoja tu, mimi ningesema utafute Plaidoyer pour la vie. Lugha yake ni nyepesi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuisoma bila kuvunjika meno.

Humo utamkuta mtoto aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake mchungaji wa Kipentekoste. Utasoma jinsi mtoto yule alivyomfuata baba yake kumwombea mgonjwa, kisha akamwuliza juu ya nini anaomba tu bila kutoa dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si mganga. Hapo ndipo mtoto alipokata shauri: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Wazazi, someni mahali pale pamoja na watoto wenu. Ni maneno machache, lakini daktari wetu alianzia pale, kwa swali la mtoto ambalo baba mwingine angelijibu kwa kofi.

Utasoma kwamba alisomea udaktari ng'ambo pale, Bujumbura, na mwaka 1983 akaanza kazi Lemera, akitaka kuwa daktari wa watoto. Huko milimani akaona wamama wanaletwa wakiwa wamechoka kwa uchungu wa siku nyingi, wengine wakifika wamekwisha kufa. Akabadili shauri, akaenda Ufaransa, mji wa Angers, kusomea magonjwa ya wanawake. Halafu alirudi Lemera. Vijana wetu walishangaa sana pale. "Alikuwa Ulaya, akarudi Lemera?" Ndiyo, alirudi.

Tena utasoma juu ya tarehe 6 Oktoba 1996. Watu wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera usiku, wakaua wagonjwa vitandani mwao na wauguzi, zaidi ya watu 30. Daktari mwenyewe hakuwepo siku ile. Wazee wa huku wanaijua habari hii, lakini nilipowauliza vijana wa kwaya, wale waliozaliwa nyuma ya mwaka 2000, ni wawili tu waliokuwa wamesikia, nao walisikia nusunusu. Lemera iko hapo juu! Siku ambayo hakuna wingu unaona milima yake ukisimama shambani.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walimwingilia daktari nyumbani kwake Bukavu, wakamwua mlinzi aliyejaribu kumwokoa. Akakimbilia Ulaya na jamaa yake. Wanawake, wengine wakiwa wale aliowatibu, wakaanza kuuza matunda na mboga ili wakusanye pesa za tikiti yake ya ndege. Januari 2013 alirudi. Mwaka 2018 alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Watu wengi wanaikumbuka ile tuzo. Mimi nawaomba mkumbuke pia zile mboga.

Filamu yenyewe ilikatazwa hapa Kongo mwezi wa 9 mwaka 2015, serikali ikisema inalichafua jeshi, halafu mwezi wa 10 wakaruhusu. Nilipowaambia vijana habari hiyo, wale waliokuwa wavivu wa kusoma wakapata bidii. Kitu kikikatazwa, kila mtu anakitaka. Ndivyo tulivyo tangu bustani ya Edeni.

Sasa nifike kwa yule kijana wa macho mekundu.

Thierry Michel alitengeneza filamu nyingine, L'Empire du silence, mwaka 2021. Hiyo inasimulia mauaji ya Kongo kwa miaka ishirini na mitano, na inashikilia sana kitabu kimoja ambacho wengi wanakitaja na wachache wamekisoma: ile Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo, naiita kitabu. Ilitolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ina kurasa zaidi ya 500, na inaandika matukio 617 yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Inapatikana bure kwa Kifaransa katika intaneti. Unaweza kuiweka katika simu. Si mahakama, na majina ya wanaoshukiwa hayakuandikwa ndani yake, yalifungiwa pembeni. Lakini mahali, siku, na ni jeshi gani ao kundi gani, yamo.

Nilimwita yule kijana nikamwambia, "Umesema umemjua adui. Sawa. Chukua, soma kurasa za Kivu ya Kusini, halafu uje unieleze." Alifikiri nataka kumnyamazisha. Alichukua kwa hasira.

Nilijua atakuta nini. Atakuta kijiji chake. Katogota imo, tarehe 14 Mei 2000. Wageni wanaosoma ukurasa huu pengine hawajui: siku ile, wakati wa vita, askari waliua watu wa kijiji hiki, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto. Hesabu zinazotajwa na watu wa hapa na zile zilizoandikwa na wachunguzi hazilingani hata kidogo, na mimi sitaziweka hapa. Mimi nilikuwa kijana wakati ule, Uvira. Nakumbuka jinsi habari ilivyofika: watu walisema kwa sauti ndogo, kisha wakanyamaza mtu mwingine alipopita.

Lakini kabla ya kufika Mei 2000 atapita kurasa nyingine. Atakuta Banyamulenge waliouawa mwaka 1996 katika Uvira na Fizi, mbele ya vita kubwa kuanza. Atakuta wakimbizi Wahutu, wa Burundi na wa Rwanda, waliouawa katika kambi za bonde letu hilihili, Luberizi, Runingo, mahali ambapo leo tunapita na baiskeli za mihogo. Atakuta Wakongo waliouawa na askari wa Kongo. Atakuta Mai-Mai, atakuta Interahamwe, atakuta majeshi ya nchi za jirani. Kila kundi liko na ukurasa wake.

Alirudi nyuma ya wiki tatu. Alikaa chini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Pasta, mule ndani muko wafu wa kila mutu." Nikamwuliza, "Na adui?" Akasema, "Sijue tena kama ni mumoja." Tukaomba, akaenda.

Sisemi kwamba hasira yake imekwisha. Sitadanganya wasomaji wangu. Amepoteza babu yake katika mambo haya, na tangu mwaka 2025 vita imepita tena katika bonde letu, kwa hiyo maneno ya zamani na maneno ya leo yanachanganyika kinywani mwa kila mtu. Lakini jioni ileile alimwuliza mama yake, kwa mara ya kwanza, babu alikuwa mtu wa namna gani. Si namna alivyokufa. Alipenda nini, alilima wapi, alicheka na nani. Mama yake ndiye aliyenisimulia hayo, naye alilia akinisimulia.

Neno kwa wazazi hapo: ripoti ile si chakula cha mtoto. Mtu asiisome peke yake usiku, na asiisome mtu ambaye jeraha lake bado bichi, mpaka awe na mwenzake wa kukaa naye. Yule towashi wa Ethiopia katika Matendo 8 alikuwa anasoma garini, lakini alihitaji Filipo apande akae kando yake. Sisi tulisoma wanne wanne, na tulikuwa na sheria: mtu akisema "tufunge", tunafunga, hatumwulizi juu ya nini.

Basi, si kila filamu ni ya machozi. Tugeukie nyingine.

Nani kati yenu hajaona Filamu ya Yesu? Ile ya mwaka 1979, iliyowekwa katika lugha zaidi ya 2000, na Kiswahili kikiwamo. Imezunguka vijiji vyote hivi, uwanjani, usiku, nzi wa taa wakicheza mbele ya uso wa Bwana. Nyuma ya kuionyesha tena mwaka jana, mtoto mmoja wa darasa la tano aliniuliza: "Pasta, mamajusi wako wapi?" Mwingine: "Na Lazaro kufufuka? Na arusi ya Kana, maji kuwa divai? Waliruka!" Hapo nilifurahi kama mvuvi aliyevuta wavu. Nikawaambia filamu ile ilifuata Injili ya Luka. Luka ana wachungaji wa kondoo, mamajusi ni wa Mathayo. Kana na Lazaro wa Bethania ni wa Yohana. Lakini Luka 16 kuna Lazaro mwingine, yule maskini mwenye vidonda mlangoni pa tajiri, nendeni mkamtafute. Tena someni mistari minne ya kwanza ya Luka, muone alivyosema yeye mwenyewe jinsi alivyoichunguza habari tangu mwanzo kabla hajaandika. Kumbe Luka pia aliulizwa swali letu, "Ni kweli ao ni ya kutengeneza?"

Watoto wale walisoma sura zote 24 kwa mwezi mmoja, sura moja jioni moja, wakiweka alama: hii imo katika filamu, hii haimo. Nimekuwa mchungaji miaka mingi, sijawahi kuona watoto wakisoma Injili kwa kugombana namna ile. Nilikuwa nawatenganisha kwa shida.

Sasa ninyi vijana wa machimbo, hiki ni chenu. Mwaka 2019 ilitoka filamu juu ya kijana wa Malawi, William Kamkwamba, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor ambaye mwenyewe anacheza kama baba. Imetoka katika kitabu kiitwacho The Boy Who Harnessed the Wind, ambacho William aliandika na Bryan Mealer mwaka 2009. Katika Kiswahili tungesema kijana aliyeutia upepo nira. Najua filamu hii inazunguka katika kadi za simu huko Kamituga, maana vijana wawili waliorudi kutoka kule ndio walionileteaiona.

Habari yenyewe: mwaka 2001 na 2002 Malawi ilipigwa na njaa. Baba yake William, mkulima wa Wimbe katika wilaya ya Kasungu, akakosa pesa za masomo. William, miaka kumi na minne, akafukuzwa shuleni. Mnaijua habari hiyo? Nani kati yenu hakuacha masomo siku moja juu ya pesa, akasema "nitachimba kidogo nirudi", na leo ni miaka sita? William hakukaa kijiweni. Alikwenda katika chumba kidogo cha vitabu cha shule ya msingi ya kijiji, akakuta kitabu cha Kiamerika cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa dhaifu. Alisoma kwa kutazama michoro kwanza, kisha akitafuta neno mojamoja. Akaokota feni ya trakta, baiskeli mbovu, dinamo, bomba la plastiki, akasimamisha mnara wa miti. Watu walisema amepata wazimu. Taa ikawaka.

Hapa ndipo nataka muone tofauti ya filamu na kitabu. Katika filamu, kinu kinavuta maji na kukiokoa kijiji katika njaa. Ni picha nzuri sana, mimi nilipiga makofi. Lakini katika kitabu haikuwa rahisi hivyo. Njaa ilipita kwanza, na ilipita na watu. Kinu cha kwanza kiliwasha taa katika chumba chake, halafu redio, halafu watu wakaanza kuleta simu kuchaji. Maji yalikuja baadaye. Filamu imefupisha, maana lazima imalizike mkiwa na furaha. Kitabu kinakuacha na ile miezi ya njaa, ukurasa kwa ukurasa, mpaka unaelewa kwamba kijana yule alisoma akiwa na tumbo tupu. Mimi nawapenda wote wawili, lakini kijana anayeamka saa kumi usiku kushuka shimoni anamhitaji yule wa kitabu. Yule wa filamu amefaulu haraka mno.

Kuhusu filamu za madini yetu nisikae sana. Iko moja ya Mdenmark, Frank Poulsen, Blood in the Mobile ya mwaka 2010, aliyefika mpaka Bisie kule Walikale. Aliitengenezea watu wa Ulaya, wajue simu yao inatoka wapi, na alifanya vema. Lakini ninyi mnakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, uchimbaji wa mkono ulipofungwa katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na watoto wakarudishwa shuleni juu ya deni. Sehemu hiyo tafuteni katika Conflict Minerals, Inc. cha Christoph Vogel, cha mwaka 2022. Kiko kwa Kiingereza, na mwandishi anaonyesha jinsi kelele za huruma za mbali zilivyomwumiza mchimbaji mdogo. Mwalimu yeyote wa Kiingereza anayesoma gazeti hili na kutaka kutufupishia sura moja moja, nafasi ipo.

Kwa wale walio Uvira na kando ya ziwa, Petit Pays. Filamu ni ya mwaka 2020, ya Éric Barbier. Kitabu ni cha Gaël Faye, mwaka 2016. Ni habari ya mtoto wa miaka kumi, Gabriel, katika Bujumbura ya mwaka 1993, uchaguzi wa Ndadaye, kisha kuuawa kwake mwezi wa 10, na yote yaliyofuata mpaka Rwanda 1994. Taa za mji ule tunaziona ng'ambo kila usiku. Wengi wetu tulikuwa na jamaa kule. Filamu yenyewe ilipigwa Rwanda, si Burundi, wajuao Bujumbura wataona. Katika kitabu iko mama mmoja Mgiriki, jirani, mwenye nyumba iliyojaa vitabu, anayemwazima Gabriel kimoja baada ya kingine wakati watoto wenzake wa mtaa wanaanza kutafuta silaha. Soma pale polepole. Kina maneno makali mahali pengine, kwa hiyo nawapa walio na miaka kumi na sita na kuendelea.

Na kwa wazee, kicheko kidogo. Filamu ya zamani, The African Queen ya mwaka 1951, inaonyesha chombo kidogo kikizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 mwisho wake si huo. Chombo kile kinazama katika dhoruba bila kufaulu. Na katika historia ya kweli? Meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, mwaka 1916, isichukuliwe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo, Liemba hiyohiyo iliyowarudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma mwaka 1997! Nilipomwambia shangazi yangu kwamba alirudi nyumbani juu ya meli ya sinema, alijibu kwamba katika sinema watu hawatapiki.

Sasa mtauliza: Pasta, vitabu hivyo tutavipata wapi, na kwa pesa gani? Ni swali la haki. Barabara ikiwa wazi, tunaagiza kwa mtu anayekwenda Bukavu ao Bujumbura. Kitabu kimoja tunakinunua watu kumi, kila mtu anatoa kidogo. Kinafunikwa na karatasi ya saruji siku ileile, kabla mtu yeyote hajakigusa, maana kitabu changu kimoja kilirudi kutoka kwa ndugu mpendwa bila jalada na bila sura mbili za mwisho, nami mpaka leo sijui mambo yaliishaje. Wanaojua Kifaransa wanasoma kwa sauti, kisha wanasimulia kwa Kiswahili ao Kifuliiru. Mama mmoja ambaye hakuingia shule hata siku moja ndiye anayeuliza maswali mazuri kuliko wote. Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu. Angalieni 2 Timotheo 4. Baridi ilikuwa inampiga, naye alikumbuka vitabu.

Yule mama mzee wa mkeka alirudi pia. Jumamosi ya pili ya kusoma, alikaa nyuma kama kawaida yake. Tulipofika mahali pa Lemera, alimwambia msomaji angoje. Akataja jina la muuguzi mmoja aliyemzalisha mtoto wake wa tatu kule. Jina lile halikuwa katika kitabu. Kijana wa macho mekundu alikuwa na kalamu, akaliandika pembeni ya ukurasa, akamwuliza kama ameliandika sawa. Mama hajui kusoma, lakini aliomba aonyeshwe, akaweka kidole juu yake.

Daftari la kuazima liko kwangu, nyumba ya mchungaji, kila siku isipokuwa Jumatatu. Petit Pays kina watu wanne wanaongoja. Injili ya Luka mnayo wote. Plaidoyer pour la vie kiko kwa shemasi mmoja wa Luvungi tangu mwezi mzima sasa; kama anasoma mstari huu, vijana wa kwaya wanamsalimu sana na kumwuliza amefika ukurasa gani.